Mpunga wa Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na mpunga wa aina nne na wakaza wana wawili, na ule mpunga aliujulia mahali pake kuliko alivyotujulia sisi. Kila aina aliitafutia pa kulala, isigombane na mwenzake. Sisi alituweka ua mmoja, jiko likitazamana na jiko, akatarajia tuishi kwa amani. Sasa nami nimekula chumvi nyingi kama alivyokuwa yeye wakati ule, lakini nikikumbuka mambo hayo kifua bado kinawaka. Nilikuwa na wivu. Sitalitafutia neno jingine la kulipamba.

Tulikaa Kindu, upande wa Kasuku, katika ukoo wa Waislamu wa zamani ambao babu zao walifika na misafara ya pwani, na ambao hawakukuacha usahau jambo hilo hata siku moja. Mimi nilitoka Kailo. Niliolewa na mwana mkubwa wa nyumba ile, karani katika ofisi ya zone, yaani wilaya, mtu aliyefunga vifungo vya abakosti yake, koti lile lisilovaliwa tai, mpaka shingoni hata jua likipasua mawe. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaijua sura yake. Nililelewa na wake za baba, na wale waliyahesabu matonge yangu kila nilipokula. Kwa hiyo siku nilipoingia ua ule, mama mkwe akanishika kidevu na kuwaambia watu, "Huyu njo mutoto wangu sasa," nilimwamini. Watu husema maneno kama hayo kwenye arusi, wakayasahau. Mimi niliyachukua nikaenda nayo kulala.

Akaanza kunifundisha mpunga. Mpunga mweupe wa kawaida, ule mwingi, tulianika kwenye mikeka jua tatu, kisha tukaupandisha darini juu ya jiko, uvutwe na moshi tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni. Fukusi hawapendi moshi. Mpunga wa darini uliweza kukaa miaka miwili, hata mitatu, na ulipopikwa ulichambuka punje kwa punje, maana mpunga wa zamani hauna utelezi. Mwekundu, ule wa punje fupi, ulikuwa wa wazazi na wagonjwa. Huo hakuuvukiza, kwa sababu mgonjwa akisikia moshi katika uji wake anaukataa. Aliutia katika kapu kubwa lililokandikwa udongo, akauchanganya na majivu makavu yaliyochekechwa. Wa tatu ulikuwa masuke mazima ya mbegu, ya mweupe na ya mwekundu, yaliyofungwa mafungu na kuning'inizwa kwenye boriti. Hiyo haikuwa aina ya mpunga kwa kweli, lakini yeye aliihesabu, na nani angembishia?

Wa nne ulikuwa wa kunukia. Punje zake nyembamba, ndefu, na sufuria ikichemka majirani walikumbuka ghafla kuwa wana neno la kuja kutuuliza. Mpunga huo ulizaa kidogo tu, debe moja na nusu, na mwaka mwema madebe mawili. Mama mkwe aliuweka chumbani kwake, ukiwa na maganda yake, katika mtungi uliozibwa mdomo kwa kifuniko cha mbao na udongo. Hakuuweka darini kwa sababu, alisema, mpunga ule hunywa kila harufu inayopita. Hakuuwekea mbegu pembeni. Mtungi huohuo ndio uliotoa wa sikukuu na ndio uliotoa wa kupanda, kama mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake.

Mchele, yaani uliokwisha kutwangwa, hakuuhesabu kabisa. Kwake huo ulikuwa chakula cha wiki, si akiba. "Mupunga usiuvue koti yake mpaka siku ya kuupika," aliniambia nikiwa na wiki moja katika nyumba. Akanieleza kwa nini. Mchele uliotwangwa vizuri hadi kuwa mweupe, ukiwa mkavu, unaweza kuvumilia katika chombo kilichofungwa. Lakini ule uliotwangwa nusu, ambao ngozi yake ya ndani bado imebaki, una mafuta kidogo, na mafuta hayo huchacha. Ni mtamu ukila wiki hii. Ukiufungia miezi mitatu chini ya bati, unanuka kama utambi wa taa.

Nilijifunza yote hayo kwa miaka minane, na nilijifunza vizuri. Naomba msomaji alishike hilo.

Jambo nililolipenda kupita yote lilikuwa la meno. Mama mkwe alikuwa hana meno ya kutafuna, na ukavu wa mpunga hujulikana kwa kung'ata. Ukiwa mbichi, punje inabonyea. Ukiwa mkavu, inalia ka! na kuvunjika vipande viwili. Basi kila mwaka, mikeka ikiwa imejaa ua mzima, aliniita mbele ya watu. Aliokota punje tatu kutoka pembe tatu za mkeka, akanitia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, akainamisha sikio karibu na shavu langu. "Ng'ata." Nilipong'ata alisikiliza, akatikisa kichwa, akaamua. Nilikuwa mke wa mtu, nina watoto watatu, lakini mwaka mzima niliingojea siku hiyo ya kutiwa punje mdomoni.

Kisha mdogo wa mume wangu, aliyefanya kazi ya reli, akaoa.

Alimwoa binti wa watu wa Kasai, mtoto wa fundi wa reli, aliyekulia kambi ya reli na kulelewa kanisani. Alisilimu kabla ya ndoa. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na alicheka kwa sauti ambayo mpita njia angeisikia. Nilimwita Bibi Arusi, na niliendelea kumwita hivyo hata alipokuwa na watoto wawili. Watu walidhani namdekeza. La, nilikuwa nikimkumbusha kwamba alikuja nyuma yangu.

Wiki ya kwanza aliingia jikoni, akatazama dari lililojaa moshi, akauliza, "Mama, hapa hata mupunga munaukausha kama samaki?"

Nilingoja akemewe. Mama mkwe alicheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka begani, akafuta machozi, akacheka tena. Miaka minane nilikuwa sijamchekesha hata mara moja. Nilimtii, nilimwogesha miguu, nilimpikia chakula cha mchana kila siku ya Mungu, naye alikuja kukilia jikoni kwangu. Kumchekesha sikujua kwamba kulitakiwa.

Bibi Arusi hakuona haya kusema lolote. Alisema wali unapita tumboni mwake kama maji, saa kumi njaa imekwisha kurudi, na kwamba kwao mtu hajala mpaka aguse bugali. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo, kwamba mke wa ndugu yake anatukana chakula cha nyumba. "Niache nivae," alinijibu, akaendelea na vifungo vyake. Kwa mama mkwe ilikuwa kicheko kingine. Hata akaanza kumwagiza mtu unga wa mahindi sokoni, kwa ajili ya Bibi Arusi peke yake.

Ikafika siku ya kujaribu mpunga. Mikeka imetandazwa, mimi nimekwisha kusukutua. Mama mkwe akaokota punje zake tatu, akanyoosha mkono, na mkono ukapita mbele yangu.

"Leo tujaribu meno ya huyu mupya," alisema.

Bibi Arusi aling'ata. Ka! Akafungua macho. "Mama, inalia kama karanga!" Watu wote wakacheka. Mama mkwe akampigapiga shavu, akasema umekauka. Mimi nilibaki nimefungua mdomo kidogo, hamna kitu ndani yake. Nilijifanya nashughulika na kuku waliotaka kuingia mkekani, nikamrushia mmoja kijiwe kwa nguvu ambayo kuku yule hakustahili.

Baada ya hapo sikuhitaji kutafuta sababu, kila siku ilileta yake. Jioni moja nilipita mlangoni kwa mama mkwe, nikaona wamekaa chini wote wawili, mtungi umefunguliwa, Bibi Arusi ameinamisha uso ndani anavuta harufu. Mimi chumba kile nilikifagia kila asubuhi kwa miaka minane, na kifuniko kile hakikuwahi kufunguliwa mbele yangu. Niliganda pale na ufagio mkononi. Kisha nikarudi kwangu nikawapiga watoto kwa kosa ambalo sasa silikumbuki.

Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na kuwekwa, ikaja habari kutoka Tunda kwamba dada wa mama mkwe anaumwa sana. Aliamua kwenda kumuuguza. Asubuhi ya safari alituita uani, mimi na Bibi Arusi, akiwa amekwisha kufunga mzigo wake.

"Miye nimezeeka," alisema. "Nikirudi, nitatoa ufunguo ya stoo. Mumoja wenu atashika."

Kwetu ufunguo ule haukuwa wa mlango tu. Aliyeushika ndiye aliyeulizwa kwanza kukiwa na arusi au msiba, na ndiye watu walimwita mama wa nyumba. Lakini mimi sikuyataka hayo. Nilitaka siku moja, mbele ya watu, mama huyu aseme kwamba ni mimi.

Akagawa kazi. Mpunga wa darini, mwekundu na mbegu, nichunge mimi. "Mutungi wa chumbani utachungwa na huyu mudogo wako."

Nilisema, "Ndiyo, Mama." Aina tatu kwangu, moja kwake. Mtu asiyeijua nyumba angedhani nimependelewa. Mimi nikambebea mzigo mpaka kituoni, nikampungia mkono treni ikiondoka kwenda Kibombo. Bibi Arusi alilia pale kituoni kama mtoto. Hata machozi alinitangulia.

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu baadaye, tunarudi kutoka salongo. Serikali ilitaka raia wote watoke kufyeka kando ya barabara, nasi tulikuwa tumefyeka tangu asubuhi huku tukiimbishwa. Tulitembea, majembe begani, vikwembe viunoni vimejaa majani. Bibi Arusi, aliyeniita Yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia,

"Yaya, miye nataka kutwanga mupunga ya Mama yote, ile ya chumbani. Akirudi akute iko tayari kabisa. Kwetu hindi halilali na maganda yake. Muntu akiona vile, anasema muko wavivu."

Nilisimama kutoa mwiba mguuni. Mwiba haukuwepo. Nilihitaji muda wa kuinama.

Ningeweza kumwambia maneno manane tu, yale niliyoambiwa mimi wiki ya kwanza. Badala yake nilimwambia, "Ni wazo zuri. Lakini utwange mara moja tu, usiiondoe ile ngozi ya ndani. Njo iko na utamu. Halafu ufunike nguvu, fukusi wasiingie."

Kila neno lilikuwa la kweli kwa mchele wa kula wiki hii. Nilichagua ukweli mmoja mmoja, nikaupanga mpaka ukawa uongo, na nilijua ninalolifanya. Nilitaka mama mkwe afungue, anuse, aone ni nani aliyempa mtungi wake. Nilitaka aibu ndogo tu, ya mchele mmoja uliochacha.

"Asante, Yaya," alisema, akanichukulia jembe langu. "Bila weye ningefanya upumbavu."

Alitwanga asubuhi tatu. Asubuhi ya kwanza nilikaa jikoni kwangu nikichambua sombe, majani ya muhogo, na kusikiliza kinu chake. Asubuhi ya pili, nikiwa natwanga majani yale, mkono ukasimama wenyewe. Mbegu. Nilikuwa nimefikiria harufu, nimefikiria aibu, lakini sikuwa nimefikiria kwamba mtungi ule ulikuwa na mbegu ya mwaka ujao pia, na kwamba punje iliyovuliwa ganda na kupondwa haioti. Nilikwenda mpaka mlangoni. Niliuona mtungi umeegemezwa ukutani, bado una zaidi ya nusu. Kazi yangu ilikuwa kuvuka ua, hatua kumi na tano, kusema "acha, mdogo wangu."

Aliniona, akacheka na mwanya wake. "Yaya, muchi wangu umepasuka. Niazime wako."

Nikamwazima.

Sina la kujitetea. Nimejaribu mara nyingi kuipa asubuhi ile sababu, kwamba nilikuwa na kichwa kinauma, kwamba nilidhani mama mkwe ana mbegu nyingine mahali. Sikuwa na kichwa kinauma. Nilirudi jikoni nikawasha moto.

Asubuhi ya tatu akamaliza. Alipepeta vizuri, akajaza pipa dogo la bati lenye kifuniko, tuki kama tulivyoliita, akalipigilia kifuniko kwa jiwe, akaliingiza chumbani kwa mama mkwe. Kila siku chache aliingia kuligongagonga, akatoka uso unang'aa. Mimi nilikuwa nikipanda darini kugeuza mpunga wangu, nikichekecha majivu, nikihesabu masuke, kila kitu sawasawa kama nilivyofundishwa. Mwezi wa tatu tangu mama aondoke, nikifagia chumba kile, nilidhani nimesikia harufu. Nilipiga magoti nikaweka pua kwenye ukingo wa kifuniko. Ilikuwa imeanza. Siku nyingine nilimwomba Mungu amrudishe mama upesi, kabla mchele haujaharibika kabisa. Siku nyingine nilimwomba amcheleweshe.

Alirudi mwezi wa tano wa safari yake. Dada yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Alishuka treni amekonda, kikwembe kinamzunguka mara mbili, akatembea uani akimshika Bibi Arusi mkono mmoja na mimi mkono mwingine. Alipomaliza kunywa maji alisema anataka kumsomea dada yake hitima siku ya Ijumaa, na ataipikia watu mpunga wa kunukia, maana marehemu aliupenda.

Tuliingia chumbani watatu. Akautazama mtungi, mtupu, umefunikwa chini juu.

"Iko wapi mupunga?"

"Njo huu, Mama." Bibi Arusi alilivuta tuki katikati ya chumba. "Nimetwanga yote, ukute iko tayari."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Kifuniko kiliposhindwa, harufu ikatoka, nzito, ya mafuta ya zamani. Bibi Arusi akarudi nyuma hatua moja. Mama mkwe akazamisha mkono, akaleta kiganja puani, akauweka mchele chini polepole, akakaa kitandani.

"Na mbegu?"

"Mbegu gani, Mama?"

Mama mkwe alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akauliza, bila ukali, "Nani alikuambia kufanya hivi?"

Sasa, nikawaza. Nilikuwa nimejiandalia jibu. Ningesema hakunielewa, kwamba nilizungumzia mchele wa wiki. Nililishika jibu lile mdomoni nikingoja anitaje.

Bibi Arusi hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. "Hakuna muntu. Ni kichwa yangu mwenyewe. Kwetu mahindi tunaweka vile. Unisamehe, Mama." Akapiga magoti.

Mama mkwe akaokota punje chache kutoka sakafuni. Akazisogeza karibu na dirisha, akazigeuza kwa kidole gumba.

"Muntu asiyejua mupunga," alisema, kana kwamba anajisemea, "anautwanga mpaka iko mweupe kabisa. Hajui pa kusimama. Huyu amesimama pale pale kwenye ngozi, mupunga yote, bila kukosea." Akainua macho, akayaleta kwangu. "Pale pa kusimama, miye nimefundisha muntu mumoja tu."

Uso uliniwaka mpaka masikio. Na kitu kibaya kuliko vyote, kitu ninachoona haya kukiandika hata leo, ni kwamba katikati ya aibu ile bado nilikuwa na wivu. Kwa sababu alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha yule aliyepiga magoti.

Hitima tulipika mpunga wa darini. Watu walikula wakasifu. Mchele ule ulioharibika hata kuku waliudonoa wakauacha. Baadaye mama mkwe alituma watu waulizie mbegu Tunda, akauliza ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa wazee aliowajua. Mmoja alimletea kibaba cha mpunga wa punje ndefu. Tuliupanda, tukauvuna, tukaupika, na hakuna jirani aliyekuja kutuuliza neno. Haukuwa wenyewe.

Nilidhani ufunguo utakwenda kwa mdogo wangu. Wiki moja baada ya hitima aliwaita wanawake wa ukoo, wakakaa uani kwenye mikeka. Akaniita mimi. Akafungua fundo la kikwembe chake, akatoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu na kukifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

"Shika," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Ni weye unajua kuchunga mupunga. Katika nyumba hii hakuna anayejua kama weye."

Wanawake wakapiga vigelegele. Yale niliyoyangoja miaka yote yalikuwa yamesemwa, mbele ya watu, na yalikuwa ya kweli kabisa. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka adhuhuri. Nilipika wali mweupe, maharage na samaki mbichi wa mtoni, nikatandika mkeka wake mahali pake pa siku zote, nikaweka maji ya kunawa. Mama mkwe akatoka chumbani na fimbo yake. Akapita mbele ya jiko langu, akaniamkia kwa adabu, "Habari ya kazi, Mama," jina ambalo hakuwahi kuniita, akavuka ua, akakaa jikoni kwa Bibi Arusi.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaacha kutandika.

Wakati mmoja tulikuwa tunatwanga pamoja, mimi na Bibi Arusi, michi ikipokezana katika kinu kimoja. Yeye alisimamisha wake.

"Yaya, miye nilifikiri unanipenda."

Nilimuuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Sikuficha kwa sababu yako," alisema. "Mama alitoka kuzika dada yake. Ningempa na hii tena, kwamba mutoto wake mukubwa njo amefanya vile?" Akaendelea kutwanga. Mimi nilisema vumbi la makapi limeniingia machoni, nikaenda kunawa.

Mama mkwe aliishi miaka sita baada ya hapo. Hakunigombeza hata mara moja, wala hakumwambia mwanawe, na mume wangu mpaka leo hajui kwa nini mama yake alihama jiko. Stoo ilikuwa mikononi mwangu, na niliichunga. Wageni walipokuja alinisifu. Kila asubuhi nilifungua, nikachagua kwa mkono wangu mpunga mzuri kuliko wote, ule wa zamani unaochambuka, nikautwanga mpaka mweupe, nikauchambua kijiwe kwa kijiwe. Kisha niliupeleka ng'ambo ya ua, kwa Bibi Arusi, aupike, mama ale. Alipoupika, wakati mwingine uliungua chini. Mama alikula akamaliza.

Mwaka wa mwisho, macho yake yakiwa yamekwisha kufifia, nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta peke yake amekaa juani. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, salongo, mwiba, mchi niliomwazima Bibi Arusi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema amekwisha kunisamehe zamani, siku ileile ya hitima, maana hakutaka kusomea maiti akiwa na kinyongo moyoni. Niliona anasema kweli.

"Basi Mama, leo uje ule kwangu," nilisema. "Leo tu."

Alinitafuta kidevu kwa mkono, akanishika kama siku ile nilipoingia.

"Chakula yako ni nzuri kuliko ya mwenzako, mwanangu, na weye unajua," alisema. "Lakini kule kwake, miye nakula bila kunusa kwanza."

Nilikaa naye kidogo zaidi, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado usoni kwangu. Jua lilipofika katikati nikainuka, nikapima mchele wa siku hiyo, nikaupeleka kwa Bibi Arusi.